Kadi imejaa, diski inapotea, umeme hamna: kutatua matatizo ya kutunza video ukishuti nyanda za juu kusini

Mtu akirudi Mbeya mjini na mzigo pungufu kutoka hifadhi za Kitulo au Ruaha utamsikia anasema diski imekufa. Ukikaa naye mkafuatilia taratibu, mara nyingi diski ni nzima kabisa, kilichogoma ni waya, au jenereta ya gesti ilizimwa wakati kukopi kuko katikati, au mtu alikuwa hoi saa sita usiku akafomati kadi ambayo haijakopiwa bado. Kwa hiyo haya nimeyapanga kwa dalili, yani kile unachokiona kwenye skrini au kukisikia kwa masikio, afu sababu zake, nikianza na zile zinazotokea sana.

Kabla hujagusa chochote shika hili: kadi haifomatiwi mpaka video ziwe kwenye vifaa viwili tofauti na umezihakiki. Na ukiona dalili yoyote ya ajabu kwenye kadi, itoe kwenye mzunguko, sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni ili isiandikike tena, iweke mfuko wake peke yake. Zile microSD za droni hazina hicho kitufe, bandika plasta nyekundu juu ya kiboksi chake na umwambie kila mtu kwenye timu maana ya hiyo plasta.

Kadi zinaisha kabla jua halijazama

Hapa hamna kitu kimeharibika, hesabu ndo haikufanyika nyumbani. Kamera inayoandika 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa moja. Kadi ya GB 128 inakupa saa mbili na dakika hamsini hivi, basi. Ukipanda megabiti 200 ni GB 90 kwa saa, na ukiingia ProRes 422 HQ, ule mtindo wa video isiyobanwa sana, ya 4K kwa fremu 25 kwa sekunde jiandae na zaidi ya GB 330 kwa saa, hapo SSD (diski isiyozunguka) ya TB 1 inaisha ndani ya saa tatu tu. Ukitaka kujua ya kamera yako chukua megabiti gawa kwa 8 unapata megabaiti kwa sekunde, zidisha kwa 3,600, ndo saa moja hiyo.

Sasa tuseme unaenda Mufindi siku sita kushuti mashamba ya chai na kila siku unarekodi saa tatu kwa megabiti 100. Hiyo ni GB 810. Kopi mbili ni GB 1,620. Mtu ananunua diski mbili za TB 1 anaona zinatosha, na kweli zinaingia, ila umebaki na nafasi finyu, siku moja tu mvua ikiwabana mkaongeza mahojiano umeumia, nunua za TB 2. Na usishtuke Windows ikikuonyesha 931 badala ya 1,000, hujaibiwa, ni namna tu kompyuta inavyohesabu tofauti na kiwandani.

Kama tayari uko porini na kadi ndo zinaisha, angalia seting. Mara nyingi kamera imeachwa kwenye fremu 50 au 100 kwa sababu asubuhi mlishuti kitu cha kupunguza mwendo, afu mchana mzee wa kijiji anahojiwa saa nzima kwa seting ileile. Mahojiano hayahitaji hivyo. Rudisha fremu 25, na kama kamera yako ina ule mtindo wa kuandika kila fremu kivyake kamili, uzime kwenye mahojiano, uuache kwa mandhari. Kitu ambacho mimi sikishauri kabisa ni kuanza kufuta vipande vibaya kwenye kamera ili kupata nafasi. Mikono ina baridi, skrini ndogo, jua linapiga, ndo hapo kipande kizuri kinapoondoka.

Kamera inasimama yenyewe katikati ya kurekodi

Kadi haiwezi kasi. Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, 170 au 200, ni kasi ya kusoma, wewe unayotaka ni ya kuandika, angalia ile herufi V. V30 inakuhakikishia megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu kwa hiyo V30 inatosha vizuri, ila megabiti 400 ni megabaiti 50 hapo unahitaji V60, na 600 ni 75, hiyo V90.

Kama herufi ipo sahihi na bado inasimama, shuku kadi feki. Zipo nyingi mtaani, kadi imeandikwa GB 256 kumbe ndani ina 32, inakubali kurekodi vizuri tu afu ikivuka pale video zinakuwa takataka bila onyo lolote. Dawa ni kupima kabla hujaondoka mjini, kwa Windows kuna H2testw na kwa Mac au Linux kuna F3, zote bure, zinajaza kadi yote afu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo. Inachukua muda, iache usiku ukiwa bado nyumbani na umeme wa uhakika. Kadi mpya ambayo haijapimwa isipande na wewe zile kona za Chimala kwenda Matamba.

Kukopi kunachukua usiku mzima

Hili ndo linalomaliza watu, na ndo lenye sababu nyingi, kwa hiyo twende nalo polepole. Kwanza jua kawaida ni nini. Kadi za UHS-I, zile zenye alama ya I moja, kwa kisoma kadi cha kawaida hazivuki megabaiti 104 kwa sekunde, kwa hali halisi utaona 80 mpaka 90, kwa hiyo GB 128 ni kama dakika 25. Ukiona inasema saa nzima au zaidi, kuna kitu kinabana, na ukiangalia kasi iko kwenye 30 au 35 hivi, hiyo karibu kila mara ni USB 2.0. Yani mahali fulani kati ya kadi na diski kuna kiungo cha zamani. Inaweza kuwa kisoma kadi, inaweza kuwa tundu la kompyuta, lakini anza na waya. Waya nyingi za USB-C zinazokuja na chaji ya simu zinapitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu, zingine hazipitishi data kabisa, na kwa macho zinafanana na ule waya mfupi uliokuja na SSD yako. Ukifika gesti saa mbili usiku, begi lote limechanganyika, unachomeka wowote unaoupata. Weka alama ya rangi kwenye waya za data na usiziazime kwa mtu wa kuchaji simu, hata akiwa dereva wenu.

Badilisha kitu kimoja kimoja. Waya kwanza, halafu tundu, halafu kisoma kadi, na ukiwa na ile habu ya matundu mengi iondoe kabisa, kisoma kadi tundu lake na diski tundu lake. Watu wanabadilisha vyote kwa pamoja, inapona, kesho tatizo linarudi hawajui lilikuwa wapi.

Kama ilianza kwa kasi nzuri afu ikashuka baada ya dakika kadhaa, hiyo ni hadithi nyingine. SSD za bei nafuu zina eneo dogo la haraka la kupokea data, likijaa kasi inaporomoka, zingine zinashuka chini hata ya diski ya kawaida. Ipumzishe kidogo inajisafisha, inarudi. Inaweza pia kuwa joto, ukiwa Ruaha mwezi wa kumi ndani ya hema mchana SSD inachemka na inajipunguza kasi yenyewe isiungue, hiyo itoe juu ya kitanda na blanketi iweke kwenye kitu kigumu chenye hewa, bati au sakafu, au ngoja jua lizame. Na zile diski za kuzunguka za inchi 2.5, nyingi za siku hizi zinaandika data kwa kulaza mstari juu ya mstari kama mabati ya paa yanavyolaliana, ukiandika kwenye diski tupu ni sawa, ila ukifutafuta na kuandika tena juu yake inabidi ipange upya, inakwama mpaka megabaiti 10 kwa sekunde. Diski ya safari iwe tupu. Usichukue ile yenye muvi na harusi za mwaka jana ukasema utapunguza njiani.

Mwisho kwenye hili angalia kompyuta yenyewe. Ikiwa kwenye betri huenda imejiweka hali ya kubana matumizi, au kinga ya virusi inakagua kila faili linalopita. Zima hayo kwa muda wa kukopi.

Diski inaonekana, inapotea, inaonekana tena

Umeme hautoshi kuifikia. Diski ya kuzunguka ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 1, tundu la USB 3 linatoa 0.9 na la USB 2.0 linatoa 0.5, kwa hiyo ikiwa imechomekwa kwenye habu isiyo na umeme wake pamoja na kisoma kadi, inazima na kuwaka. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kompyuta iwe kwenye chaji. Ikiendelea, badilisha waya, zile micro-B pana zinalegea haraka ukisafiri barabara ya vumbi.

Ikiwa kuna sauti, tik tik tik inayojirudia, zima saa hiyohiyo. Usiichomeke tena kujaribu, usiitikise, wala usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu. Kila unapoiwasha unaweza kuwa unakwangua zaidi. Hiyo ni ya fundi mwenye vifaa, na wewe rudi kwenye kopi ya pili.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wanaotoka Dar hawalifikirii. Nyingi ya diski za kuzunguka zimetengenezwa kufanya kazi mpaka mita 3,048 kutoka usawa wa bahari na joto lisilopungua nyuzi 5, kwa sababu kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya hewa nyembamba sana na hewa ikipungua kinakaribia sahani. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, na kilele cha Mtorwi ni mita 2,961. Uko ndani ya kipimo lakini pembeni kabisa, na asubuhi za mwezi wa sita mpaka wa nane kuna jalidi kwenye nyasi, joto lile la nyuzi 5 hulipati nje. Mimi kwa Kitulo nasema SSD tu, hiyo ya kuzunguka iache Matamba au Mbeya iwe kopi ya kurudia. SSD haina kinachozunguka, hata Noah ikiruka mashimo haijali.

Kamera au kompyuta inasema kadi haisomeki, inataka ifomatiwe

Usikubali. Bonyeza hapana, toa kadi. Jaribu kisoma kadi kingine na kompyuta nyingine kwanza kwa sababu mara kibao tatizo ni zile pini za kisoma kadi zimejaa vumbi la Usangu. Futa vile vidhahabu vya kadi kwa kitambaa kikavu laini. Ikikataa kote, irudishe kwenye kamera ileile iliyorekodi, baadhi ya kamera, za Sony kwa mfano, zina kipengele cha kurekebisha databesi, yani orodha ya video zilizomo kwenye kadi, ila kama unaweza fanya hivyo baada ya kutengeneza kopi kamili ya kadi nzima kwa programu kama ddrescue, ili ukikosea bado una ya mwanzo.

Kama kweli imefomatiwa kwa bahati mbaya, bado kuna matumaini mradi hujarekodi kitu juu yake. Mara nyingi kamera ikifomati inafuta orodha tu, video zenyewe bado zipo. PhotoRec ni ya bure na inazichomoa, majina yanapotea na faili kubwa zilizokatikakatika zinaweza zisitoke nzima, lakini ni bora hizo. Hii haifanyi kazi vizuri kwenye SSD iliyofomatiwa na kompyuta, maana kompyuta inaiambia SSD isafishe kweli.

Halafu kuna ile ya faili moja lipo, lina ukubwa wake GB 9, halifunguki. Hapo betri ilikata au kadi ilichomolewa wakati kamera bado inaandika. Kamera huandika ule muhtasari wa video mwishoni kabisa ukishabonyeza kusimamisha, bila huo kisomaji hakijui pa kuanzia. Rudisha kadi kwenye kamera kwanza, zingine zinatengeneza zenyewe. Ikishindikana kuna programu ya untrunc, unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa seting zilezile, inajenga upya. Ndo maana unapopata tatizo hili usibadilishe seting kabla hujarekodi dakika mbili za mfano. Kwenye baridi betri za lithiamu zinaishiwa ghafla, zinaonyesha asilimia 40 afu giza, kwa hiyo Kitulo asubuhi betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili na usianze mahojiano marefu na betri iliyobaki nusu.

Imekopiwa, ukubwa uleule, lakini video ina vipande vya kijani na michirizi

Kulingana kwa ukubwa hakuthibitishi kitu. Unahitaji programu inayosoma upya pande zote mbili na kulinganisha baiti kwa baiti au kwa alama ya kihesabu ya kila faili. TeraCopy kwenye Windows ina chaguo la kuhakiki, OffShoot ambayo zamani iliitwa Hedge inafanya kazi hiyo na kukopi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kuburuta folda kwa mausi hakufanyi hivyo. Ndio, kuhakiki kunaongeza muda, panga usiku wako ukijua hilo.

Na ukikopi, kopi folda yote ya kadi kama ilivyo, usichomoe video tu ukaacha vile vifaili vidogo, kamera nyingi zinavitumia kuunganisha vipande virefu. Ukiona video imekatwa vipande vya GB 4 kwenye kadi ya GB 32 usihangaike, hiyo ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kufomati, ndo mwisho wake, vipande vyote vipo na vinaungana kwenye kuhariri. Diski ya kusafiri kati ya Mac na Windows ifomati exFAT, mpangilio ambao zote mbili zinausoma na kuuandika, ile NTFS ya Windows kwenye Mac itasomeka bila kuandikika. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha umeme ukikata, kwa hiyo ubonyeze kutoa diski kwa usalama kila mara kabla ya kuchomoa.

Umeme wenyewe

Nimeuweka huku chini lakini ukiangalia nusu ya hayo ya juu yanatoka hapa. Unapofika sehemu ya kulala, kabla hata ya kuuliza chakula: "Shikamoo mama, jenereta huwa mnazima saa ngapi?" Ukiambiwa saa nne, na wewe umerudi saa moja na nusu, una saa mbili na nusu za kukopi na kuchaji, anza na kadi muhimu zaidi ya siku sio ya kwanza kwenye begi. Usianze kadi ambayo haitamaliza kabla ya kuzimwa. Kama pana sola, uliza inveta ni ya wati ngapi, kompyuta ikiwa inakopi inakula wati 45 mpaka 65, na wenyeji wanataka taa na televisheni.

Kwenye gari, tundu la sigareti la volti 12 huwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, yani wati 120 mpaka 180, inatosha kompyuta moja na chaji za betri, haitoshi birika la kahawa juu yake. Injini iwe inaunguruma, na usikopi gari likiwa linatembea barabara ya vumbi kama diski ni ya kuzunguka. Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 kwa maandishi, ikipotea njiani unabaki na 60 hivi, hiyo ni saa moja ya kompyuta, sio zaidi. Kama unaruka kutoka uwanja wa ndege wa Songwe zibebe mkononi, betri za lithiamu za akiba haziingii begi la chini.

Unyevu

Ukishuka kutoka juu kwenye baridi mpaka Matema ziwani, lile joto lenye unyevu linatoa umande ndani ya kila kitu kilichotoka na baridi. Acha diski na kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka vifikie joto la pale, saa moja au mbili, ndo uwashe. Tukuyu na msimu wa maua Kitulo, Desemba mpaka Aprili, mvua haina ratiba, mifuko ya kufunga zipu na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ni vya bei ndogo kuliko vyote kwenye begi lako.

Mteja anataka kuona leo

Usijaribu kupakia mzigo mzima. TB 1 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika ni zaidi ya siku tisa mfululizo. Tengeneza toleo dogo la 720p, chagua dakika chache, pakia hizo ukifika Makambako au Iringa mjini penye mtandao. Mzigo wenyewe usafiri na mtu, na zile kopi mbili zisikae begi moja wala gari moja, moja kwa mpiga picha moja kwa dereva. Ukilazimika kutuma kwa basi kwenda Dar, tuma moja, chukua namba ya basi na ya kondakta, na ile nyingine isiguswe wala kufutwa mpaka aliyepokea akupigie aseme ameifungua na amezihakiki zote.